Vipokezi vya dawa au mizunguko ya asteroidi: ulinganisho kwa anayechagua uwanja wa utafiti

Anayemaliza shahada ya kwanza ya fizikia, kemia au kompyuta na kutaka kuendelea na utafiti hukabiliwa na uchaguzi utakaomfunga kwa miaka mingi. Hapa naweka bega kwa bega nyanja mbili ambazo ni nadra kulinganishwa. Ya kwanza ni utafiti wa miundo ya vipokezi vya dawa, yaani protini zilizopenya utando wa seli ambazo dawa hujishikiza kwazo ili ifanye kazi yake. Ya pili ni utafiti wa namna asteroidi ndogo zinavyojizungusha kwenye mihimili yake. Moja hushughulika na kitu chenye upana wa nanomita chache; nyingine na mawe ya kuanzia mita chache hadi kilomita moja hivi, yanayopita mbali mno angani. Hata hivyo mtu mmoja, mwenye hisabati nzuri na mazoea ya kuandika programu, anaweza kufaa kote kuwili.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kinachopaswa kuamua si uzito wa jina la fani. Ni hiki: ili upate tokeo lako la kwanza la kweli, utamtegemea nani, na utategemea kifaa gani? Kwa kipimo hicho nyanja hizi ziko mbalimbali kabisa, hata kama hisabati yake ni ndugu.

Undugu wenyewe

Nianze na undugu huo kwa sababu ndio unaompa mchaguzi uhuru. Katika nyanja zote mbili hakuna anayekiona kitu chenyewe. Karibu kila asteroidi ikitazamwa kwa darubini ni nukta tu ya mwanga. Kinachopimwa ni mwangaza wa nukta hiyo unavyopanda na kushuka jiwe linapogeuka. Jiwe refu likitugeuzia ubavu huakisi mwanga mwingi, likitugeuzia ncha hufifia. Kwa hiyo katika mzunguko mmoja grafu ya mwangaza hupanda mara mbili na kushuka mara mbili. Grafu kama hizo zikikusanywa kwa miaka kadhaa, jiwe likiwa limetazamwa kutoka pembe tofauti, hisabati inaweza kurudi kinyumenyume hadi kwenye umbo la jiwe na mwelekeo wa mhimili wake. Mikko Kaasalainen wa Finland na wenzake waliipa mbinu hii msingi imara mwaka 2001.

Kwenye vipokezi mambo yanafanana kwa namna ya kushangaza. Protini hugandishwa ghafla ndani ya utando mwembamba wa barafu, kisha hupigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Kila picha ya molekuli moja ni kivuli hafifu kilichojaa chengachenga. Lakini vivuli ni mamia ya maelfu, na kila molekuli imelala kwa upande wake. Kompyuta huvipanga kwa pembe, huvijumlisha, na umbo la pande tatu hujitokeza. Joachim Frank, Jacques Dubochet na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017 kwa kuijenga njia hiyo.

Kote kuwili, basi, kazi ni kutoka kwenye kivuli kwenda kwenye kitu. Aliyeielewa vizuri hesabu ya upande mmoja haanzi sifuri upande wa pili. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wengi huogopa kwamba wakikosea kuchagua wamejifungia mlango milele. Ujuzi wa kutenganisha ishara na chengachenga, wa kujua lini tokeo ni la kweli na lini programu imekuonyesha ulichotaka kukiona, unahamishika.

Vipokezi: miaka 25 ya kulifukuzia umbo moja

Binadamu ana zaidi ya vipokezi 800 vya lile kundi kubwa linaloshirikiana na protini ya G, protini iliyo ndani ya seli inayopokea ujumbe kutoka kwa kipokezi. Vyote vina misokoto saba inayopenya utando wa seli kutoka nje hadi ndani. Ndivyo vinavyopokea adrenalini, histamini, mofini, hata harufu na mwanga. Takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa duniani hufanya kazi kupitia kundi hili. Dawa ya pumu ya kuvuta kama salbutamoli hukiamsha kipokezi kimoja cha adrenalini. Propranololi, iliyotokana na kazi ya James Black katika miaka ya 1960, huvizuia vipokezi vya jamii hiyohiyo visiamshwe.

Ugumu wake unaeleweka ukijua protini hizi zinaishi wapi. Nyumbani kwake ni kwenye mafuta ya utando. Ukiitoa humo kwa sabuni maalumu, mara nyingi hujikunja vibaya na kufa. Ikipona, bado inacheza: ina maumbo kadhaa na huhama kutoka moja hadi jingine. Kwa miaka mingi njia kuu ya kupata muundo ilikuwa kutengeneza fuwele na kuimulika kwa eksirei, na fuwele hazitengenezeki kwa molekuli zisizotulia. Ndiyo sababu kipokezi cha kwanza cha kundi hili kuonekana kilikuwa rodopsini, protini ya kuona, iliyochukuliwa kwenye macho ya ng'ombe ambako imejaa tele. Muundo wake ulitoka mwaka 2000, kwa ukali wa angstromu 2.8, angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita.

Kipokezi cha adrenalini aina ya beta 2 kilisubiri hadi 2007. Brian Kobilka wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa miongoni mwa waliolisoma jeni lake mwaka 1986. Ili kitulie, timu yake na wenzao walitumia mbinu mbili: kukishikiza kipande cha kingamwili, na kukata kitanzi chake kinacholegea na kupachika mahali pake protini ngumu kutoka kwa kirusi cha bakteria. Picha ya kipokezi hicho kikiwa kazini, kimeshikana na protini ya G, ilipatikana mwaka 2011 kwa msaada wa kingamwili ndogo za mnyama lama. Kutoka jeni hadi picha hiyo ni miaka 25. Mwaka uliofuata Kobilka na Robert Lefkowitz walipata Nobel.

Natumia muda kwenye historia hii kwa sababu inamwambia mchaguzi jambo ambalo matangazo ya nafasi za masomo hayalisemi. Sehemu kubwa ya kazi hii si kutazama miundo. Ni kuishawishi protini itulie. Utakata jeni hapa, utabadilisha sabuni pale, utaotesha seli, utasafisha, utapima, na mara nyingi utatupa. Mtu anayependa kazi ya mikono yenye subira, anayepata raha katika kubadilisha kitu kimoja kwa wakati na kuandika kila kilichotokea, atafurahi hapa. Anayetaka kukaa na milinganyo peke yake atateseka, isipokuwa aingie kwa mlango wa kompyuta nitakaoueleza baadaye.

Je, muundo ukipatikana, dawa inafuata? Hapa lazima tuwe wakweli, kwa kuwa wengi huchagua uwanja huu kwa nia njema ya kuponya. Mwaka 2012 ulitoka muundo wa kipokezi cha mofini. Mwaka 2016 kundi la watafiti lilitangaza kwamba limejaribisha kwenye kompyuta zaidi ya molekuli milioni 3 ndani ya kishimo cha kipokezi hicho, likachuja, likaboresha, na kupata molekuli iliyoitwa PZM21. Tumaini lilikuwa dawa ya maumivu isiyopunguza pumzi, kwa kuwa ni kupungua kwa pumzi kunakoua watu wanaozidisha mofini na jamaa zake. Majaribio ya baadaye ya watafiti wengine kwenye panya yalionyesha kwamba PZM21 nayo hupunguza pumzi. Kazi ile haikuwa bure. Ilithibitisha kwamba muundo unaweza kuongoza kwenye molekuli mpya kabisa. Ila muundo unakwambia molekuli inakaa wapi. Hauwezi peke yake kukwambia mwili mzima utaitikiaje.

Kinyume chake pia kipo. Dawa za kisukari za kundi la eksenatidi na semaglutidi hukiamsha kipokezi cha homoni ya GLP-1. Eksenatidi iliidhinishwa Marekani mwaka 2005, ilhali picha za kwanza za kipokezi hicho kizima kikiwa kimeshikana na protini ya G zilitoka 2017. Dawa ilitangulia, muundo ukafuata na kueleza. Kwa hiyo anayeingia hapa aingie kwa kuupenda ufahamu wenyewe: jinsi ujumbe unavyovuka utando bila mjumbe kuingia ndani. Atakayedai kila muundo uzae dawa atavunjika moyo mapema.

Asteroidi: jua linavyozungusha mawe

Upande wa pili, swali la msingi ni jepesi kulieleza. Jiwe linajizungusha kwa kasi gani, kuelekea wapi, na kasi hiyo inabadilikaje? Majibu yake yamefunua mengi kuhusu kilichomo ndani ya mawe haya kuliko mtu angetarajia.

Chukua mpaka wa saa 2.2. Watafiti walipokusanya vipimo vya asteroidi nyingi, waliona kwamba zenye upana wa zaidi ya mita 200 hivi karibu zote huchukua zaidi ya saa 2.2 kumaliza mzunguko mmoja. Petr Pravec na Alan Harris walilieleza jambo hili kwa kina mwaka 2000. Sababu inapatikana kwa hesabu ya ukurasa mmoja. Kwenye ikweta ya jiwe linalozunguka, uvutano huvuta chini na mwendo wa kuzunguka hurusha nje. Ukisawazisha viwili hivyo, ukubwa wa jiwe hujifuta kwenye mlinganyo na inabaki densiti peke yake. Weka densiti ya gramu 2.2 kwa sentimita ya ujazo, nawe unapata saa 2.2 hivi. Maana yake ni kwamba asteroidi nyingi za ukubwa huo si mwamba mmoja. Ni marundo ya mawe na kokoto yaliyoshikwa na uvutano hafifu, na likizidi kasi hiyo rundo huanza kumwaga mawe yake. Sijui matokeo mengi katika sayansi yanayotoa kitu kikubwa hivyo kwa hesabu ndogo hivyo, na nadhani kila mwanafunzi anayelinganisha nyanja hizi aifanye hesabu hiyo kwa mkono wake kabla ya kuamua.

Kisha kuna nguvu ya jua. Jiwe hunyonya mwanga wa jua na kuutoa tena kama joto, na joto linapoondoka husukuma kidogo, kidogo mno. Jiwe lingekuwa mpira kamili, misukumo ingefutana. Lakini mawe yana mabonde na pembe. Misukumo haifutani, na kwa maelfu na mamilioni ya miaka inaongeza au kupunguza kasi ya kujizungusha. Athari hii inaitwa YORP, kwa herufi za kwanza za majina ya Yarkovsky, O'Keefe, Radzievskii na Paddack. Ilikuwa nadharia hadi 2007, ilipopimwa moja kwa moja kwenye asteroidi iliyojulikana kama 2000 PH5. Jiwe hilo lenye upana wa mita 100 na ushei humaliza mzunguko kwa dakika 12 na sekunde chache, na muda huo hupungua kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde kila mwaka. Sasa asteroidi hiyo imepewa jina la athari yenyewe: 54509 YORP.

Itokawa, iliyotembelewa na chombo cha Japani Hayabusa mwaka 2005, ilileta jambo zuri zaidi. Vipimo vya kutoka duniani vilivyochapishwa 2014 vilionyesha muda wake wa kujizungusha, wa saa 12 na ushei, ukipungua kwa sehemu 45 za elfu za sekunde kwa mwaka. Ili badiliko hilo lielezeke, watafiti walihitimisha kwamba nusu mbili za jiwe hilo zina densiti tofauti: kama gramu 1.75 upande mmoja na 2.85 upande mwingine. Fikiria: kutokana na nukta inayofifia na kung'aa, watu walijua kilichomo tumboni mwa jiwe.

Bennu, ambayo chombo cha OSIRIS-REx kilileta sampuli zake duniani Septemba 2023, nayo inaongeza kasi polepole. Muda wake wa saa 4.3 unapungua kwa sekunde moja hivi kwa kila miaka 100. Bennu na asteroidi nyingine iitwayo Ryugu zote mbili zina umbo la pia ya watoto, zimevimba kwenye ikweta, jambo linaloendana na mawe kuteleza kuelekea huko zamani zilipokuwa zikizunguka kwa kasi.

Asteroidi ndogo zaidi huuvunja mpaka ule bila shida kwa kuwa zinaweza kushikwa na uimara wa mwamba wenyewe. Asteroidi 1998 KY26, ambayo chombo cha Japani Hayabusa2 kinatarajiwa kuifikia mwaka 2031, ilidhaniwa kuwa na upana wa mita 30 hivi na kumaliza mzunguko kwa dakika 10 na ushei; vipimo vilivyotangazwa 2025 vilionyesha ina mita 11 tu na huchukua dakika 5 hivi. Kisha darubini ya Rubin nchini Chile, katika picha zake za mwanzo kabisa, ilikuta 2025 MN45: upana wa mita 710 hivi, mzunguko mmoja kwa dakika 1.88. Jiwe la ukubwa huo linalozunguka kwa kasi hiyo haliwezi kuwa rundo la kokoto. Lazima liwe gumu kama mwamba. Maswali yaliyofunguliwa na jiwe hilo moja yanatosha shahada kadhaa za uzamivu.

Na jambo hili lina faida kwa usalama wa dunia. Septemba 2022 chombo cha DART kiliigonga kwa makusudi Dimorphos, mwezi mdogo wa asteroidi Didymos, na muda wake wa kuizunguka Didymos ukashuka kutoka saa 11 na dakika 55 hadi saa 11 na dakika 23. Dakika hizo 32 zilipimwa kwa rada na kwa grafu zilezile za mwangaza, kwa darubini zilizoko duniani. Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa dunia, na mvuto wa dunia unatarajiwa kubadilisha namna inavyojizungusha. Anayeanza uzamivu karibuni ana nafasi ya kuwa miongoni mwa watakaopima badiliko hilo.

Gharama, vifaa na nani mwenye ufunguo

Hapa ndipo mizani inapolala upande mmoja waziwazi. Hadubini kubwa ya elektroni inayotumika kwa vipokezi hugharimu mamilioni ya dola, inahitaji chumba kisichotikisika, naitrojeni kimiminika kila siku na mafundi wake. Kabla ya kuifikia unahitaji maabara ya kuoteshea seli na kusafishia protini. Haya yote ni mali ya taasisi, na ratiba yake haiko mikononi mwa mwanafunzi. Makala ya mwisho hubeba majina kumi, ishirini, na swali la nani alifanya nini huwa na uzito kwa mtu anayetafuta kazi baadaye.

Kwa asteroidi, darubini yenye kioo cha sentimita 30 au 40, kamera nzuri na anga lenye giza vinatosha kupima muda wa kujizungusha wa asteroidi zinazong'aa vya kutosha. Wapo wasio wataalamu wa kulipwa ambao wamepima mamia. Usipokuwa na darubini, data zipo: chombo cha Gaia kimetoa vipimo vya asteroidi zaidi ya 150,000, chombo cha TESS kimezirekodi nyingi kikiwinda sayari za mbali, na Chuo Kikuu cha Charles huko Prague kina hazina ya wazi ya maumbo ya asteroidi iitwayo DAMIT. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kutoa tokeo jipya, dogo lakini la kweli, ndani ya mwaka wa kwanza wa uzamili.

Vipokezi navyo vina mlango usiohitaji maabara. Benki ya Data ya Protini ilianza 1971 ikiwa na miundo 7. Leo ina zaidi ya 200,000, bure kwa kila mtu. Programu ya AlphaFold imebashiri maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, na kazi hiyo iliwapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Nobel ya Kemia ya 2024. Kwa hiyo mtu anaweza kuigiza kwenye kompyuta jinsi kipokezi kinavyocheza, au kujaribisha molekuli kwenye vishimo vyake. Lakini tofauti moja inabaki, nayo ni nzito. Anayetabiri kwamba molekuli fulani itashika kipokezi bado anamhitaji mwenye maabara aijaribu. Anayetangaza muda wa kujizungusha wa asteroidi anaweza kurudi mwenyewe usiku mwingine na kuhakiki.

Namna ya kushindwa

Watu hulinganisha mafanikio ya fani. Mimi nashauri kulinganisha namna zake za kushindwa, maana ndizo utakazoishi nazo siku nyingi zaidi.

Kwenye vipokezi, kushindwa mara nyingi hakuna maelezo. Protini haikutoka, au ilitoka ikaganda madonge, na sababu zinazowezekana ni nyingi. Na kazi ya mwaka isiyofikia muundo ni vigumu kuichapisha. Tena kuna mashindano: makundi kadhaa hufukuzia kipokezi kilekile, na anayefika wa pili huona thamani ya kazi yake imepungua ingawa jasho ni lilelile.

Kwenye asteroidi, mawingu yatakuja, mwezi utang'aa, na jiwe linalopita karibu na dunia litakuwa limeondoka kabla anga halijasafika. Kuna pia mitego ya hesabu. Usiku una urefu wake, na ukipima kutoka mahali pamoja tu, muda wa saa 8 au 12 unaweza kukudanganya kabisa. Jiwe linalokaribia kuwa duara linaweza kukupa nusu ya muda wake halisi au mara mbili yake. Ila data nusu haitupwi. Kuongezeka kwa kasi ya asteroidi 1862 Apollo kulithibitishwa 2007 kwa kutumia grafu za mwangaza zilizopimwa kati ya 1980 na 2005. Waliopima mwaka 1980 hawakuwa wakiitafuta YORP. Jina hilo lenyewe halikuwapo. Walipima vizuri, wakaandika saa sahihi, na robo karne baadaye namba zao zikawa ushahidi. Hili kwangu ni jambo la heshima kubwa katika uwanja huu: kazi ndogo iliyofanywa kwa uaminifu haiozi.

Mashine mpya na kazi zitakazobaki

Wengine wataogopa kwamba AlphaFold imeimaliza kazi ya vipokezi. Haijaimaliza. Kwa kawaida ubashiri wake hutoa umbo moja, ilhali siri ya kipokezi iko katika kuhama kati ya maumbo: dawa moja humwamsha mjumbe huyu, nyingine yule, na nyingine hukizima kipokezi kabisa. Kazi ya kutafuta umbo la kwanza la protini imepungua thamani; kazi ya kuelewa mwendo na ya kuona kipokezi kikiwa na dawa tofauti imepanda.

Vivyo hivyo darubini ya Rubin. Katika picha zilizotangazwa Juni 2025, kwa saa kama 10 za kutazama, iligundua asteroidi mpya 2,104. Itagundua nyingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kuzifuatilia. Lakini katika upimaji wake wa kawaida kila eneo la anga hutazamwa kwa nyakati zilizotawanyika, na nyingi ya asteroidi hizo ni hafifu mno kwa darubini ndogo. Kwa hiyo thamani inahamia kwa wanaojua kutoa muda wa kujizungusha kutoka kwenye vipimo vichache vilivyotapakaa, na kwa wenye darubini watakaolifuatilia jiwe la ajabu usiku kucha likingali karibu.

Kuhusu ajira sina mengi ya kusema. Kampuni za dawa huajiri wataalamu wa miundo na wa uigizaji wa molekuli. Nafasi za kudumu za wanaopima asteroidi ni chache, na wengi wao hatimaye huishi kwa ujuzi wao wa data. Anayehitaji uhakika wa mshahara mapema alizingatie hilo kwa uzito wake.

Ningemshauri nani achukue kipi

Ukiwa umekubaliwa kwenye kundi lenye hadubini, lenye mtu wa kukufundisha kusafisha protini kwa mkono, na unapenda kazi ya pamoja, chukua vipokezi. Nafasi kama hiyo haipatikani kwa kujitahidi peke yako, na ikikujia usiiache kwa sababu ya kuogopa ugumu. Ukiwa huna kundi la namna hiyo, au uko mahali ambapo vifaa ni vichache, chukua asteroidi bila kujiona umechagua cha pili kwa ubora. Kwa mwanafunzi aliye peke yake mwenye hisabati nzuri, sioni uwanja mwingine unaomfikisha haraka hivi kwenye ukweli mpya anaoweza kuuhakiki mwenyewe. Njia ya kati, ya vipokezi kwa kompyuta tu, naikubali kwa sharti moja: uwe tayari umempata mwenye maabara aliyeahidi kujaribu utakachobashiri.

Kabla ya kusaini popote, muulize msimamizi wa vipokezi mwanafunzi wake wa mwisho alipata saa ngapi za hadubini kwa mwaka, na nini kilitokea kwa yule ambaye protini yake ilikataa. Muulize wa asteroidi kama data za kundi lake huwekwa wazi, na kama una ruhusa ya kuchapisha asteroidi ulizozipima wewe.

Na jaribu zote mbili kwanza. Kutoka Benki ya Data ya Protini pakua faili mbili za kipokezi cha beta 2: 2RH1, kikiwa kimetulia, na 3SN6, kikiwa kimeshikana na protini ya G. Yalaze maumbo hayo moja juu ya jingine kwenye programu yoyote ya bure ya kutazama miundo, kisha pima jinsi ncha ya ndani ya msokoto wa sita ilivyosogea nje: utapata kama angstromu 14, na ni kwenye nafasi hiyo iliyofunguka ndipo protini ya G inapoingia. Halafu nenda DAMIT, chukua vipimo vya mwangaza vya 1862 Apollo, andika programu fupi ya kuvikunja juu ya muda mmoja, na ubadilishe muda huo kidogokidogo hadi nukta zilizotapakaa zijipange kwenye mawimbi mawili. Ukikaribia saa 3.065, zitajipanga.